Tabia, Kujiamini na Cheo: Kinachomwinua Mwanamke Meneja na Kinachomrudisha Nyuma

Nafasi za usimamizi zinapotangazwa katika kaunti, wapo wanawake wenye vyeti na uzoefu unaotakiwa ambao husoma tangazo hadi mwisho, kisha wakaliweka kando. Wapo wanaoomba na kuitwa kwa mahojiano, lakini hutoka chumbani wakiwa wameeleza kazi ya idara nzima bila kutaja jambo hata moja walilolifanya wenyewe. Wapo pia waliopata cheo, na baada ya miezi michache wakaanza kusikia minong'ono kwamba "mama huyu ni mkali mno."

Wanasaikolojia wamechunguza mambo haya matatu kwa miaka mingi. Wamejiuliza ni tabia zipi humsaidia mtu kufanikiwa kazini, kama wanawake na wanaume hutofautiana katika tabia hizo, na kwa nini tabia ile ile humpandisha mmoja na kumponza mwingine. Majibu yao yanamhusu kila mkazi. Muuguzi hodari asipoomba kuongoza zahanati, au akinyimwa nafasi hiyo bila sababu, hasara haimwishii yeye. Dawa huagizwa kwa kuchelewa, foleni hurefuka, na mama mjamzito hurudi nyumbani bila kuhudumiwa.

Hali ilivyo

Katika uchaguzi wa mwaka 2013, wa kwanza chini ya mfumo wa ugatuzi, hakuna mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa kuwa gavana katika kaunti zote 47. Mwaka 2017 walichaguliwa watatu: Charity Ngilu wa Kitui, Anne Waiguru wa Kirinyaga na marehemu Joyce Laboso wa Bomet. Mwaka 2022 idadi ilifika saba. Katika taasisi za kitaifa, Nancy Gathungu aliteuliwa kuwa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu mwaka 2020, na Martha Koome akawa Jaji Mkuu mwaka 2021. Wote wawili ni wanawake wa kwanza kushika nyadhifa hizo.

Hata hivyo, usimamizi hauko katika ofisi kubwa pekee. Msimamizi wa wadi ni meneja. Mwalimu mkuu ni meneja. Muuguzi anayeongoza zahanati, afisa anayesimamia soko, na katibu wa chama cha ushirika wa maziwa ni mameneja pia, kwa kuwa wote hupanga kazi, hugawa fedha na kuongoza watu. Ni katika ngazi hizi ambapo wanawake wengi huanza safari, na wengi hukwama hapo hapo.

Tabia zinazohusiana na mafanikio

Wanasaikolojia hupenda kuzipanga tabia za watu katika makundi matano: uwajibikaji, uchangamfu, upole wa kupatana na wenzake, utulivu wa hisia, na hamu ya kujifunza mambo mapya. Kila mtu anazo zote tano, ila kwa viwango tofauti.

Mwaka 1991 watafiti wawili wa Marekani, Murray Barrick na Michael Mount, walikusanya matokeo ya tafiti nyingi zilizokuwa zimefanywa kabla yao ili kuona ni tabia ipi hasa huenda pamoja na utendaji mzuri wa kazi. Waligundua kwamba uwajibikaji ndio uliojitokeza katika kila aina ya kazi waliyoichunguza. Mtu anayefika kwa wakati, anayemaliza alichoanza, anayetunza kumbukumbu na kutimiza ahadi, hufanya kazi vizuri zaidi, awe karani, polisi au meneja. Uchangamfu ulisaidia pia, lakini zaidi kwa mameneja na wauzaji, ambao kazi yao ni kushughulika na watu.

Matokeo hayo yanawapa moyo wanawake wengi. Uwajibikaji si sauti nzito wala kifua kipana. Mwanamke aliyewahi kuwa mweka hazina wa chama, akapokea michango ya wanachama 20 kila juma na kuifikisha yote bila hata shilingi moja kupotea, tayari anayo tabia inayohitajika zaidi katika usimamizi. Mara nyingi kinachokosekana ni mtu wa kuitambua tabia hiyo na kuiita kwa jina lake, na mtu huyo wa kwanza ni yeye mwenyewe.

Upole nao una habari yake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2012 na Timothy Judge na wenzake uliwalinganisha watu wapole na watu wasiopenda kukubali mambo kwa urahisi. Ulionyesha kwamba wanaume wasio wapole walipata mishahara mikubwa kwa kiasi kikubwa kuliko wanaume wapole. Kwa wanawake, faida ya kuwa mgumu ilikuwa ndogo mno. Kwa maneno mengine, anayemshauri mwanamke "kuwa mkali kama wanaume ndipo ufanikiwe" anampa dawa ambayo imethibitishwa kumsaidia zaidi mgonjwa mwingine.

Imani katika uwezo wako hujengwa

Watu wengi hudhani kwamba kujiamini ni kipawa cha kuzaliwa, kwamba huyu amepewa na yule amenyimwa. Mwanasaikolojia Albert Bandura, katika maandishi yake ya mwaka 1977, alieleza jambo hilo kwa namna nyingine. Alizungumzia imani ya mtu kwamba anaweza kutekeleza kazi fulani mahsusi. Mtu anaweza kujiamini sana jikoni na akatetemeka mbele ya kamati ya bajeti. Bandura alitaja vyanzo vinne vya imani hiyo.

Cha kwanza, na chenye nguvu kuliko vyote, ni kuifanya kazi yenyewe na kufaulu, hata kwa hatua ndogo. Afisa anayepewa nafasi ya kuongoza kikao cha idara mara moja kwa mwezi, baada ya mwaka mmoja haogopi tena kuongoza kikao cha wadi nzima.

Cha pili ni kumwona mtu anayefanana naye akifaulu. Msichana wa kijijini akimwona daktari mwanamke aliyesoma shule ile ile anayosoma yeye, mlango ambao alidhani umefungwa huonekana wazi.

Cha tatu ni maneno ya kutia moyo kutoka kwa mtu anayemheshimu. Msimamizi anayemwambia mfanyakazi wake, "Nimeiona kazi yako ya kuhesabu hifadhi ya dawa, nafasi hii inakufaa, omba," amefanya jambo kubwa kuliko anavyofikiri. Lakini maneno matupu yasiyo na ushahidi wa kazi hayadumu.

Cha nne ni namna mtu anavyoisoma hali ya mwili wake. Moyo ukienda mbio kabla ya mahojiano, mmoja husema "siwezi," na mwingine husema "mwili unajiandaa." Moyo ni ule ule, ila tafsiri zake ni mbili.

Kwa hiyo, mwanamke asiyejiamini katika usimamizi si lazima awe na kasoro. Huenda hajawahi kupewa nafasi ya kujaribu, hajawahi kumwona aliyemtangulia, wala kusikia neno la kumtia moyo. Hayo matatu yanaweza kurekebishwa na ofisi anayofanyia kazi.

Hisia ya "sistahili" na methali inayoponza

Mwaka 1978 Pauline Clance na Suzanne Imes, wanasaikolojia wa Marekani, waliandika kuhusu wanawake waliofaulu sana masomoni na kazini lakini ndani ya nyoyo zao waliamini kwamba wamefika hapo kwa bahati, na kwamba siku moja watu wangegundua kwamba hawajui kitu. Tafiti za baadaye zilionyesha kwamba wanaume pia hupata hisia hiyo. Humpata zaidi mtu aliye peke yake katika kundi, kama vile mhandisi mwanamke mmoja miongoni mwa wahandisi kumi.

Katika jamii zetu hisia hiyo hupata nguvu kutokana na malezi. Wasichana wengi wamekuzwa kwa methali isemayo "chema chajiuza, kibaya chajitembeza." Ni methali yenye hekima, na sokoni ina ukweli wake. Katika chumba cha mahojiano, hata hivyo, wajumbe wa jopo hutoa alama kwa yale waliyoyasoma katika fomu na yale waliyoyasikia kwa masikio yao. Kazi njema isiyotajwa haipati alama. Mwanamke akisema "tulijitahidi kupunguza malalamiko," jopo halijui yeye alifanya nini. Akisema "nilipanga upya zamu za wauguzi, wagonjwa wakaacha kusubiri hadi saa nane mchana," amesema ukweli ule ule bila majivuno yoyote, na sasa jopo lina jambo la kuandika.

Tabia moja, majina mawili

Lingekuwa jambo rahisi kama mambo yote yangeishia ndani ya mtu. Wanawake wangefundishwa kujiamini, na tofauti ingeisha. Tafiti zinaonyesha kwamba sehemu kubwa ya kizingiti iko nje ya mwanamke, katika macho ya wanaomtazama.

Mwaka 1973 mtafiti Virginia Schein aliwauliza mameneja wanaume nchini Marekani waeleze sifa za wanaume, sifa za wanawake na sifa za meneja bora. Sifa za meneja bora zilifanana zaidi na zile za wanaume. Mwaka 2002 Alice Eagly na Steven Karau walieleza jinsi mawazo hayo yanavyomweka mwanamke katika mtego wenye pande mbili. Jamii humtarajia mwanamke awe mpole na mlezi, na humtarajia kiongozi awe thabiti na mwenye amri. Mwanamke kiongozi akiwa mpole, huambiwa hana uwezo wa kuongoza. Akiwa thabiti, huambiwa si mwanamke mwema. Jambo analosifiwa mwenzake mwanamume kwa kuitwa "mtu wa msimamo," yeye hulipata kwa jina la "kichwa ngumu."

Majaribio yamethibitisha hali hiyo. Utafiti ulioongozwa na Madeline Heilman mwaka 2004 uliwapa watu maelezo ya mameneja wa kubuni waliofaulu katika kazi inayohesabiwa kuwa ya wanaume. Meneja alipotajwa kuwa mwanamke, watu walikubali kwamba anajua kazi, lakini walimpenda kidogo kuliko mwanamume mwenye mafanikio yale yale. Mwaka 2007, Hannah Riley Bowles na wenzake walionyesha kwamba mwanamke anayedai nyongeza ya mshahara hupoteza upendeleo wa wanaomtathmini zaidi kuliko mwanamume anayedai vivyo hivyo. Mwanamke anayenyamaza mishahara inapojadiliwa, basi, huenda si mwoga. Huenda amepima gharama na kuiona.

Je, wanawake huongoza vibaya zaidi? Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2014 na Samantha Paustian-Underdahl na wenzake haukupata tofauti ya jumla kati ya wanaume na wanawake katika ubora wa uongozi. Ila viongozi walipojipima wenyewe, wanaume walijipa alama za juu zaidi. Walipopimwa na wengine, wanawake ndio waliopata alama za juu zaidi.

Kazi zisizompandisha mtu cheo

Katika kila ofisi kuna kazi ambazo lazima zifanywe lakini hazimpandishi mtu cheo. Kuna kuandika kumbukumbu za kikao, kupanga chai ya wageni, kukusanya michango ya matanga, na kumwelekeza mwanagenzi aliyefika jana. Mwaka 2017 Linda Babcock na watafiti wenzake walichapisha majaribio kuhusu kazi za namna hiyo. Katika makundi yenye wanaume na wanawake pamoja, wanawake walijitolea zaidi, waliombwa zaidi, na walikubali zaidi. Lakini makundi yalipokuwa ya jinsia moja, wanaume walijitolea sawa na wanawake. Hivyo wanawake hawakuzaliwa wakipenda kuandika kumbukumbu. Kila mtu chumbani, wakiwemo wao wenyewe, alitarajia kwamba ni wao watakaoinua mkono.

Saa zinazotumika huko hazionekani katika ripoti ya utendaji. Mwisho wa mwaka, aliyeandaa mpango wa bajeti anapandishwa cheo, naye aliyeandika kumbukumbu za vikao vyote vya mpango huo anashukuriwa kwa makofi.

Waliopita njia hii

Historia ya Kenya ina mifano inayoonyesha kwamba tabia ya mtu na mazingira yake huenda bega kwa bega. Mary Okelo anatambuliwa kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza nchini kuwa meneja wa benki, katika miaka ya 1970. Hakuridhika na kiti chake. Mwaka 1981 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa Kenya Women Finance Trust, taasisi iliyolenga kuwakopesha wanawake, ambao wengi wao walikosa dhamana kwa sababu hati za ardhi zilikuwa na majina ya wanaume.

Wangari Maathai alipata shahada ya uzamifu mwaka 1971, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki na Kati kufanya hivyo, na baadaye akaongoza idara ya anatomia ya mifugo katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Hata akiwa na elimu hiyo, ilimbidi yeye na mhadhiri mwenzake mwanamke kudai kwamba wahadhiri wanawake wapewe marupurupu sawa na ya wanaume, yakiwemo ya nyumba. Ustahimilivu huo huo aliuingiza katika kazi ya upandaji miti aliyoianzisha mwaka 1977, iliyomletea Tuzo ya Amani ya Nobel mwaka 2004. Hakupungukiwa na bidii wala akili. Alichohitaji kudai kilikuwa ni haki iliyopaswa kuwepo tangu siku ya kwanza ya ajira.

Sheria inasema nini

Leo haki nyingi kati ya hizo zimeandikwa. Kifungu cha 27 cha Katiba ya mwaka 2010 kinakataza ubaguzi wa kijinsia, na kinaitaka Serikali ihakikishe kwamba vyombo vya kuchaguliwa au kuteuliwa havina zaidi ya theluthi mbili ya watu wa jinsia moja. Kifungu cha 232 kinataka wanaume na wanawake wapewe nafasi za kutosha na zilizo sawa za kuajiriwa, kupata mafunzo na kupandishwa vyeo katika utumishi wa umma.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inampa mama mfanyakazi likizo ya uzazi ya miezi mitatu kwa mshahara kamili, na haki ya kurejea katika kazi yake au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyopungua yale ya awali. Inataka ujira sawa kwa kazi yenye thamani sawa. Inamtaka pia kila mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inawataka waajiri watenge mahali pa akina mama kunyonyesha kazini.

Mtu asiyeridhika na uamuzi wa Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti kuhusu uajiri au kupandishwa cheo anaweza kukata rufaa kwa Tume ya Utumishi wa Umma. Kukata rufaa si utovu wa nidhamu.

Hatua ambazo kila mmoja anaweza kuchukua

Kwa mwanamke anayetafuta kupanda:

- Weka daftari la kazi. Kila mwisho wa mwezi andika jambo ulilolifanya, tarehe, na mabadiliko yaliyotokea. Siku ya kujaza fomu hutategemea kumbukumbu ya kichwa.
- Soma tangazo la kazi mara mbili. Tenganisha masharti ya lazima na yale yanayotajwa kuwa nyongeza. Ukitimiza ya lazima, omba.
- Katika mahojiano sema "nili" pale ulipofanya wewe, na "tuli" pale mlipofanya pamoja. Yote mawili ni ukweli.
- Unapodai nyongeza au cheo, ambatisha ushahidi: majukumu uliyoongezewa, ngazi ya kazi hiyo, na tathmini zako.
- Tafuta mtu aliyetangulia, mwanamke au mwanamume, wa kukuonyesha njia na kukutaja pale ambapo wewe hupo.

Kwa wakuu wa idara na majopo ya mahojiano:

- Waulizeni waombaji wote maswali yale yale, na kila mjumbe aandike alama zake kabla ya mjadala kuanza.
- Mkisema mwombaji ni "mkali" au "hana msimamo," andikeni alichokifanya. Kisha jiulizeni kama mngeliandika neno hilo kwa mwanamume.
- Kazi ya kuandika kumbukumbu na kuandaa wageni ifanywe kwa zamu.
- Wapeni maafisa wa chini nafasi ya kukaimu kwa muda maalumu, wanawake na wanaume kwa usawa, ili wapate uzoefu kabla ya kuomba.
- Pangeni vikao muhimu katika saa za kazi. Kikao cha saa moja usiku humfungia nje mwenye mtoto mchanga.

Kwa familia na jamii:

- Wasichana wapewe uongozi wa kweli shuleni na kanisani au msikitini, usiwe wa kupanga viti pekee.
- Majukumu ya nyumbani yakigawanywa, mwanamke hupata saa za kusoma na kujiandaa kwa mahojiano. Hilo halihitaji sheria mpya.
- Vyama vya akina mama viwape wanachama nafasi za kuongoza kwa zamu, kwa kuwa humo ndimo wengi hujifunza kusimamia fedha na watu kwa mara ya kwanza.

Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inataka nafasi zilizo wazi zitangazwe kwa njia zitakazowafikia watu wengi iwezekanavyo, hasa wale ambao kwa sababu yoyote wamekuwa wakiachwa nyuma. Wakazi wanahimizwa kufuatilia matangazo katika mbao za ofisi za wadi na za kaunti ndogo, na kuuliza maafisa wa huko pale wanapohitaji ufafanuzi wa masharti. Kuomba kazi hakulipiwi. Yeyote anayedai pesa ili kumsaidia mwombaji kupata nafasi anavunja sheria, na anafaa kuripotiwa.